Sanda na Msichana wa Kiti cha Mlangoni

Jina lake ni Chizuru Hatakeyama, lakini pale studio hakuna anayemwita hivyo tena. Ni Sanda. Na jamani, alijitakia.

Kazi yake ni kuchora nguo. Bosi wake, Mwalimu Kuroiwa kama wachoraji wake wanavyomwita, ana manga, yaani hadithi ya katuni, ya mapenzi ya sekondari inayotoka gazetini kila wiki: vichekesho, watu kuoneana haya, mwavuli mmoja watu wawili. Kiangazi kile ikafika sura ya tamasha la fataki, na binti wa hadithi, Kozue, alitakiwa atokee kavaa yukata, lile vazi la Kijapani la kiangazi. Chizuru akaugeuza ukurasa kwenye kompyuta kama kwenye kioo, maana mkono wake unachora vizuri zaidi upande ule. Akachora kola, akatia maua, akaurudisha ukurasa, akatuma. Gazeti likatoka. Upande wa kulia umelala juu ya wa kushoto! Tokyo nzima, hata mtoto wa chekechea anajua: hivyo huvishwa maiti.

"Hongera," alisema Dobashi, mwenzake anayechora majengo. "Umempeleka mtoto wa watu tamashani na sanda yake. Sanda, nisogezee chai."

Ndo ikawa hivyo. Hata mama muuza vyakula vya bento hapo chini siku hizi anauliza, "Na Sanda leo anakula nini?"

Ingeishia kwenye utani, poa tu. Shida ni mashabiki. Mtandaoni kuliwaka moto. "Kozue anakufa!" "Mmeona anavyokaa karibu na mlango kila sura? Anatuaga!" "Na anavyovuta mikono ya sweta mpaka vidole vinapotea? Huyo mgonjwa, nawaambia!" Wakafukua sura za nyuma kama polisi. Na kura za wasomaji, zilizokuwa hoi kiasi kwamba hadithi ilishaanza kunusa kufutwa, zikapaa.

Mhariri Sekiguchi akaja na keki. Mhariri akija na keki, ujue kuna mtu anachinjwa.

"Mwalimu, tumuue," akasema, akilamba krimu kidoleni. "Kwa heshima zote."

"Hivi ni vichekesho, Sekiguchi."

"Vilikuwa."

Chizuru aliyasikia yote pale mezani kwake. Mlango na sweta havikuwa dalili za ugonjwa. Vilikuwa vya Nagomi, mdogo wake. Nagomi alikuwa akikaa karibu na mlango darasani ili akizidiwa atoke bila kupita mbele za watu. Siku moja akatoka, hakurudi. Tangu hapo yuko chumbani kwake. Basi kila Mwalimu alipouliza, "Msichana wa namna hii angekaaje?", Chizuru alieleza jinsi Nagomi alivyokaa. Na Kozue, na mlango wake na sweta yake, akapata marafiki, akapata na kijana wa kumwonea haya. Nagomi humsoma kila wiki. Siku ya gazeti ndiyo siku pekee mlango wake hufunguka kabla hujabisha.

Sekiguchi alipoondoka, Chizuru akamweleza Mwalimu yote. Kuroiwa akakuna kichwa weee.

"Kamuulize mwenyewe. Akisema aishi, ataishi. Sekiguchi niachie mimi."

Jioni Chizuru akasimama mlangoni kwa mdogo wake. "Nago, wakitaka kumuua Kozue, utasemaje?"

Mlango ukafunguka upenyo. "Wathubutu! Dada, yule ndiye mtu pekee anayekaa kama mimi."

Hapo angenyamaza. Hapo hapo! Lakini furaha ikamponyoka: "Si ni wewe! Mimi ndo namwambia Mwalimu mambo yako. Ule mlango, ile sweta..."

"Ni mimi?"

"Eee!"

Nagomi akamtazama kidogo. "Mimi nilidhani yupo mwingine."

Akafunga mlango taratibu, bila hasira. Bora angeubamiza.

Kozue yuko hai. Mwalimu alitimiza ahadi: sura iliyofuata, rafiki yake anamwona pale tamashani, anaangua kicheko, "We! Umevaa kimaiti!" Wakakimbilia nyuma ya kibanda cha takoyaki, vile vitumbua vya pweza, kuirekebisha yukata. Mashabiki wakasema wametapeliwa. Kura zikaporomoka, na hadithi imepewa sura chache imalizike. Dobashi anatafuta kazi kwingine, ila bado anaita, "Sanda, usilie juu ya kompyuta, itakupiga shoti."

Chizuru bado anaweka gazeti mlangoni kwa Nagomi. La wiki hii limelala juu ya la wiki iliyopita. Jana aliketi hapo sakafuni akasema, "Nago, nisamehe. Ningekuuliza kwanza." Akasikia kiti kinasogezwa ndani, basi.

Hajui afanye nini, na mimi ninayewasimulia sijui pia. Kama ulishamchukua mtu wako ukamtia kwenye hadithi, mchoro, au hata kichekesho cha mtandaoni, naye akagundua, tuandikie hapo chini. Ulimwambia nini? Alikujibu? Wa kucheka mcheke kwanza, halafu na nyie mwandike.