Lumbesa Nyuma ya Turubai

Gasper Simbeye amebeba magunia ya mahindi hapa ghalani Mpemba miaka kumi na tisa, na kwa ubishi hana mpinzani. Ndiyo maana sisi makuli wenzake tulicheka Injinia Irene alipomchagua awe mwalimu wa mkono wa chuma, roboti ya kupakia magunia. Mkono huo haukuandikiwa maagizo. Gasper aliushika, akauongoza hadi kwenye gunia, akanyanyua nao, mara mia, mara elfu. Kisha ukaachwa ujaribu wenyewe, ukosee, ujirekebishe.

"Nileteeni magunia yaliyolowa, yaliyopinda, yaliyojaa nusu," Irene alituambia. "Mkono usipoyaona leo, kesho yatauchanganya."

Tukamletea yote, isipokuwa lumbesa. Kujaza gunia kupita kiasi ni marufuku, kila mtu anajua, na kila mtu anapakia. Gasper aliogopa Irene ataandika kwenye ripoti, bosi apate matatizo, nasi tufukuzwe. Akaamuru lumbesa zote zikae nyuma ya turubai. Hatukubisha, maana sote tuna watoto wa kulisha.

Siku ya majaribio, Barnaba, mdogo wake Gasper, alipanda juu ya lori kupanga magunia ambayo mkono ungemletea. Ishirini yalipita salama. Ndipo ukaingia mzigo kutoka kijiji cha Msangano, na karani, bila kuuliza, akaagiza ushushwe palepale mbele ya mkono. Gunia la kwanza lilikuwa lumbesa, lina kilemba cha mahindi juu, kimeshonewa kwa kamba tu.

Sisi lumbesa tunaikumbatia tumboni. Mkono ulijua kushika shingo, kama ulivyofundishwa, na shingo ya lumbesa haina nguvu. Ukainua. Gunia likavuka ubavu wa lori, likaelekea alipoinama Barnaba. Gasper alimtazama bosi, aliyekuja kuona majaribio, kisha akamtazama Irene. Nilimchukia kwa kitambo kile, na mimi mwenyewe sikufungua mdomo.

"Zima," akasema mwishowe. "Injinia, zima! Mkono haujui lumbesa. Nilizificha mimi."

Irene akabonyeza kitufe chekundu. Mkono uliganda, lakini kamba zilikatika, na gunia likaanguka palepale alipokuwa Barnaba. Alikuwa amesharuka pembeni aliposikia sauti ya kaka yake.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na siku hiyo kilikaribia kutuumbua sote. Irene hakugusia marufuku. Aliuliza tu lumbesa ngapi ziko nyuma ya turubai, akasema zitolewe zote, masomo yaanze upya kesho.

Barnaba alishuka taratibu, akakung'uta mahindi kwenye kola ya shati.

"Kaka, ulijua mkono haujafundishwa lumbesa, ukaniacha nipande?"

"Nilijua."

"Basi kesho utapanda wewe."

"Nitapanda," Gasper akajibu. Alitaka kumshika bega, lakini Barnaba alikuwa ameshaondoka kwenda kunawa uso.