Mfanyakazi wa Tisa Hakusema Neno

Kwa Msimamizi wa ukurasa huu, na kwenu nyote mnaousoma, natanguliza heshima zangu. Naomba jina langu lifichwe. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na minne, mkazi wa Kamina, mume wa mke mmoja na baba wa watoto wanne. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu katika shule ya Wamethodisti. Mimi sikufika chuo kikuu. Niyajuayo nimeyasoma peke yangu.

Kwa miaka kumi na sita nilikuwa karani wa wafanyakazi katika kampuni moja hapa mjini. Ilipofungwa, niliamua kujitegemea, nikawa mshauri ambaye waajiri humwita kupanga mafaili, kuandika mikataba na kusikiliza malalamiko ya watu wao. Shemeji yangu alinicheka mbele ya wageni: "Consultant wa Kamina! Utashauri nani, ba mbuzi?" Nilivumilia. Mwaka wa pili, mwenye kinu kikubwa cha unga wa mahindi aliniita. Wafanyakazi wake kumi na wanne walikuwa wakinung'unika, naye alitaka kujua sababu.

Nilimwambia kwamba watu husema kweli panapokuwa na siri, naye akakubali. Nikamsikiliza kila mmoja peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Kila mmoja nilimwanzia kwa sentensi niliyoitunga na kujivunia: "Maneno yako yatatoka, jina lako halitatoka."

Wakasema. Papa Banze, mkubwa wao, aliyekuwa rafiki wa baba yangu kanisani, alinionyesha mkono uliopungua vidole viwili, akasema mashine iliyomkata haijatengenezwa hadi leo. Wengine walisimulia matusi ya patron, yaani mwenye kinu, mbele ya wanunuzi. Mmoja tu alikataa, Mama Régine, mtunza depo, yaani ghala la unga. "Minyi sina kitu ya kusema, papa. Niko na mama mugonjwa ku nyumba. Uniache."

Ripoti yangu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Sikuandika jina hata moja: Mfanyakazi wa Kwanza, wa Pili, hadi wa Kumi na Nne. Ukurasa wa tisa ulikuwa na mstari mmoja tu: "Hana la kusema."

Baada ya wiki moja watu watano walifukuzwa, Papa Banze akiwa wa kwanza. Nilikimbilia kwa patron kuuliza. Alikuwa akicheka.

"Bwana consultant, kazi yako iko propre, safi kabisa! Majina hakuna, ni kweli. Lakini ulibapanga sawa mu registre yangu, kitabu ya majina ya bafanyakazi. Wa kwanza kuingia kazi, njo wa kwanza kusema. Nilihesabu na kidole tu."

Ndugu zangu, niliifungua nakala yangu ya ripoti: ndivyo ilivyokuwa. Mkono wa karani haujui kupanga watu kwa njia nyingine isipokuwa tarehe ya kuajiriwa. Sikufikiri. Niliona mpangilio ni heshima.

Patron alipendezwa na yule aliyenyamaza, akampa Mama Régine funguo alizokuwa akishika Papa Banze. Hapo wote wakapata jibu: ni yeye aliyewauza. Kanisani wanamwachia benchi zima. Mama yake alipofariki, hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyefika kwenye kilio. Desturi yetu ni kwamba wenzako wa kazi huleta unga na kuni, hukaa nawe mkekani. Mtunza depo ya kinu cha unga, na bukari, yaani ugali, ya kilio chake ilisongwa kwa unga wa kuazima kwa jirani. Mimi nilifika.

Alinivuta kando. "Banasema minyi njo nilibauzisha. Weye uko na makaratasi. Nilikuambia nini siku ile?"

"Ulisema huna la kusema, mama."

"Bas. Siku ya Mungu, kisha ibada, usimame ubasomee. Njo kitu moja tu nakuomba."

Nikaitika kwamba Jumapili nitasimama. Lakini nikisoma ukurasa ule, mtu atauliza, "Unajuaje kama wa tisa ni Mama Régine, na hakuna jina?" Kisha wataanza kuhesabu kwa vidole, kama alivyohesabu patron, na hesabu itaishia kwangu.

Liko na jingine, ambalo hata mke wangu halijui. Siku tatu kabla ya kilio, Papa Banze na wenzake wanne walikuja kwangu kuomba niwaandikie barua kwa inspekta wa kazi. "Mutoto ya mwalimu, Kifaransa yako inaogopeshaka ata patron," alisema, wote wakacheka kwa mara ya kwanza tangu wafukuzwe. Halafu akasema, "Andika kama mwenzetu mumoja alituuzisha. Andika jina ya Régine." Nikaandika. Nilichagua maneno mazuri. Wamekwisha kutia sahihi, na Jumatatu natakiwa kuipeleka.

Jumanne natarajiwa Kaniama. Shirika moja huko limeniita niwasikilize wafanyakazi wake, na aliyenipendekeza ni yule yule patron. Nikikiri, hakuna mtu wa Kamina wala Kaniama atakayenifungulia tena kinywa, na kazi yangu ni vinywa vya watu. Nikinyamaza, mama yule atazeeka peke yake kwenye benchi lile, na Papa Banze ataendelea kunibariki.

Leo ni Ijumaa. Ripoti na barua zimo katika mkoba mmoja, na zote mbili hazina kosa la uandishi. Jana nilijaribu mbele ya kioo sentensi ya kukiri, nikajikuta naisahihisha ipendeze zaidi, nikaona aibu. Ninyi msionijua, niambieni kwa maneno ya kawaida kabla ya Jumapili: nisimame, ama nisafiri?