Kitanda cha Podo Kilicholia

Mimi nikiwa mdogo, Kariakoo nzima hakukuwa na seremala wa kumfikia baba yangu. Simsifu kwa kuwa ni baba. Waulize waliokuwepo. Akishapiga randa, nzi akitua kwenye ubao anateleza.

Na ubao wake ulikuwa podo, kutoka misitu ya Usambara, kwao bibi yangu. Acha hizi mbao za siku hizi. Podo ni mti wa mvua na ukungu, unapanda mpaka mawingu yanaukwepa. Mbao yake nyeupe, imenyooka, haina harufu. Ukitengenezea kabati la unga, unga unabaki kunuka unga. Dari za watu podo, fremu za milango podo, mpaka mwiko wa mama ulikuwa podo. Ila usiiache nje na mvua, inaoza.

Basi Mzee Salum, Mwarabu mwenye duka la vitambaa, akaagiza kitanda cha harusi ya binti yake. Desturi ilikuwa kitanda cha harusi kwanza akilalie mtoto wa kiume, ndoa ipate uzazi. Siku ya kukichukua kaja na wabeba mizigo na mkokoteni, kitanda kiko barazani, hakuna aliyekigusa. Kikalia. Kaaa, kama mtu anayeumwa.

Bibi akatoka ndani. "Nilikwambia, Juma. Podo unaiomba ruhusa kabla ya kuitia msumeno. Kwetu ule mti una wenyewe. Ikilia haijalaliwa, atakayelala wa kwanza haamki."

"Mama, mbao inakauka tu hiyo," baba akasema.

Mzee Salum akarudi nyuma. "Fundi, mjukuu wangu simlazi hapo. Na binti yangu ndiyo kabisa."

"Lala mwenyewe, fundi," mbeba mizigo mmoja akadakia. "Mkokoteni upo, kukupeleka makaburini bure."

Mtaa mzima ukacheka. Baba hakucheka. Kitanda kile kikikataliwa mbele za watu, nani angemwagiza kazi tena?

Akaniangalia mimi. "Vua ndala, panda."

Bibi akanidaka mkono. "Huyu hapana. Umeshazika wawili, huyu ndiye aliyebaki."

"Huyu huyu, mama."

Nikapanda. Sikuogopa. Haya, kidogo. Kitanda kikalia tena, na naapa hata wauza kahawa waliacha kugonga vikombe. Baba akachuchumaa pembeni, akaniwekea mkono kifuani. Kitanda kilikuwa kitamu kile, nikapitiwa na usingizi, nikakoroma wakasikia mpaka Posta.

Nilipofumbua macho, bibi alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Mzee Salum akasema, "Mashallah, fundi. Pakieni."

Yule binti kazaa mpaka majina yakamwishia, na kitanda bado anakilalia. Kila aliyeona siku ile alikuja kwa baba kutaka chake.

Leo nami ni seremala, najua podo mbichi hulia ikikauka. Baba alijua zamani. Lakini mtu anayejua hakai na mkono juu ya kifua cha mwanawe muda wote ule, akihesabu pumzi.

Nina watoto wanne. Huwa najiuliza ningemlaza yupi pale.