Ulezi wa Wifi Loveness

Wateja wa Demetria pale Kiwalani walimpendea jambo moja: unga wake wa uji haukuwa na mchanga. Ulezi wake ulitoka shambani kwa kaka yake, Projestus, kule Sumbawanga, naye hakuchoka kujisifu. "Mie sinunuagi sokoni. Huu wa kwetu."

Mwaka jana Loveness, mke wa Projestus, alipokuja mjini kutibiwa mgongo, alishuka na gunia la mahindi. Demetria alilifungua, akachota kiganja kimoja, akakimwaga humohumo.

"Wifi, ulezi uko wapi?"

"Hatukupanda." Loveness alijishikiza ukutani, akaketi taratibu. "Nimekataa."

"Umekataa wewe?"

"Sasa akatae nani? Ukiwa mdogo hujui upi ulezi, yapi majani. Unainama kutwa, unang'oa kwa vidole. Ukikomaa, ndege. Ukivunwa, unakata suke mojamoja, upige, upepete. Yote hayo sie wanawake. Mahindi napiga dawa ya magugu, napumzika."

Demetria aliijua kazi hiyo. Aliifanya mpaka alipoolewa akaja mjini. Hata hivyo akasema, "Lakini huku watu wanauhitaji, wifi. Watoto, wagonjwa wa sukari..."

"Basi njoo upalilie."

Zikapita siku. Asubuhi moja Loveness alipokwenda kliniki, Demetria alimpigia kaka yake. Habari za mgongo hakuzigusa. Alilalamika tu kwamba ulezi wa sokoni una mchanga na wateja wanamkimbia.

Projestus akacheka. "Usihangaike na huyo. Mvua zikianza atapanda. Kwani shamba la nani?"

"Haya, kaka. Nakutegemea."

Kugeuka, Loveness yuko mlangoni, mfuko wa dawa mkononi.

"Daktari kasema nisiiname," alisema. Akapita ndani kukunja nguo zake. Hata kusindikizwa stendi alikataa.

Msimu huu ulezi ulikuja, mwekundu, punje safi. Demetria alimpigia kaka yake kumshukuru, akamuuliza wifi yake anaendeleaje.

"Karudi kwao tangu palizi. Kaniachia shamba lote. Ikabidi Hope aache shule kidogo, ndiye kapalilia."

Hope ni binti yao, yuko darasa la sita. Demetria aliomba Hope apewe simu.

"Shikamoo shangazi. Ulezi umefika?"

"Marahaba, mwanangu. Umefika." Alitaka kumuuliza kama amesharudi shule, lakini aliliogopa jibu. Akamwambia asalimie wote, akakata.

Kisha akaitafuta namba ya Loveness. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita vilevile. Kesho yake aliuosha ule ulezi na kuuanika, akitafuta vijiwe ambavyo havikuwamo. Ulipokauka akaupeleka mashineni, maana watu walishaanza kuuliza.