Wifi Yangu Mara Moja na Kamera Mbili

Wifi yangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini mtaani kwetu ukilitaja hilo utazungushwa mpaka soli za viatu ziishe. Sema unamtafuta Mara Moja, hata mtoto aliyetumwa chumvi atakupeleka. Unapita kwa kinyozi, unapita duka la vipuri vya baiskeli, kisha mlango wenye pazia la bluu. Hiyo ndiyo studio. Ndani kuna kiti kimoja cha mbao, kitambaa cheupe ukutani, kioo kidogo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisiote miguu, na yeye mwenyewe.

Jina hilo alimpa yule kinyozi. Alikwenda kupiga picha za pasipoti, akakaa, akajiweka sawa, akavuta pumzi, na kabla hajaitoa akaambiwa asimame, tayari. Akabisha. Alisema hajapigwa picha, ameonjwa tu. Yeye kichwa kimoja anakinyoa nusu saa, itakuwaje uso wa mtu uchukuliwe mara moja? Aliporudi kuzichukua alizitazama, akaenda kubandika moja kwenye kioo chake cha kazi. Tangu siku hiyo ni Mara Moja, na wifi hakulikataa.

Si kiburi, ni malezi. Aliyemfundisha ni baba yake, baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, na mzee yule alikuwa mtu wa kamera za mkanda. Mkanda mmoja ulikuwa na picha thelathini na sita, basi, haubembelezeki. Miezi miwili ya mwanzo alimpa binti yake kamera tupu, isiyo na kitu ndani, awe anawatazama wateja na kubonyeza, kutazama na kubonyeza. Alimwambia kila anayekaa kwenye kile kiti huja na sura ya kupigia picha, na nyuma yake iko sura yake mwenyewe. Hiyo ya nyuma huchungulia kidogo tu, kama mtu wa ndani anayetaka kujua nani amepiga hodi, kisha hurudi. Ukiikosa, umekosa.

Basi wifi akajitafutia njia yake ya kuiita. Humuuliza mtu swali dogo la kawaida. Hiyo kola umeipiga pasi mwenyewe? Nyumbani umewaachaje? Mtu anapotaka kujibu, kabla mdomo haujafunguka, kidole kimeshabonyeza. Amefanya hivyo miaka thelathini. Mimi niliyeolewa na kaka yake nikiwa msichana nimeiona kazi hiyo kwa macho yangu, na sijawahi kumwona akimrudisha mteja kwenye kiti kwa sababu ya uzembe wake.

Mwaka ule taabu zilikuja mbili pamoja, kama wageni walioambizana. Kamera ya marehemu ilivunjika kitu ndani, fundi akaifungua, akaifunga, akatikisa kichwa. Wiki hiyo hiyo duka la mjini lililokuwa likisafisha mikanda likafunga milango, maana watu walikuwa wamehamia kwenye kamera za dijitali. Hapo ndipo ujumbe ukaja kutoka kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kila mwaka mwalimu huyo alimpa wifi kazi ya kupiga picha za darasa la saba kwa ajili ya fomu za mtihani. Safari hii picha zilitakiwa ziingie kwenye kompyuta. Watoto ni mia mbili na kumi na sita, siku ni moja, Alhamisi ya wiki ya tatu. Kama hawezi aseme mapema, kuna mpiga picha wa mjini anaitaka kazi hiyo.

Kazi ya shule ndiyo iliyoibeba studio. Wa pasipoti ni wa kubahatisha, leo wawili, kesho hakuna. Wifi alilijua hilo na mimi nililijua. Hakulia wala hakulalamika. Alikaa jikoni kwangu akichambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa, akasema, "Sitaki mlango wa baba ufungwe na mkono wangu."

Ikabidi tununue kamera ya dijitali, na hapo nyumba ikagawanyika. Mume wangu alitaka dada yake achukue kubwa, ile nyeusi yenye lenzi ya kuchomoa, kwa sababu kamera kubwa huleta heshima. Mimi nikataka ndogo, ile bapa ya kuingia mfukoni. Wifi amepita hamsini, miwani imefungwa kamba shingoni, na ile ndogo ina kioo kipana nyuma, unaiona picha kabla hujaipiga. Ni nyepesi, bei yake ni ya chini, na chenji ingesaidia kununua mashine ya kuchapia. Tena nilikuwa nimesali kabla ya kusema, nikaamini nimeongozwa. Kumbe nilikuwa nimeongozwa na urahisi tu. Mungu ananijua, ameshanisamehe mengi ya namna hiyo.

Mume wangu alipoona nashinda akanichokoza. Akamwambia dada yake asimsikilize mtu ambaye tochi ya simu humshinda kuzima mpaka aifunike kwa mto. Wifi akacheka, akasema atakwenda kuziuliza kamera zenyewe.

Tulikwenda sisi wawili. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu, shati jeupe, mikono imekunjwa vizuri. Alipotuona tu akatoa ile ndogo, akaiweka mbele yetu juu ya kitambaa. Nilimwangalia wifi kama kusema, umeona? Wifi akamwomba atoe na kubwa. Kijana akaitoa, lakini akaeleza kwa upole kwamba hii ina mambo mengi, mama, japo ni ya wanaoanza.

"Basi ni yangu hiyo," wifi akamjibu. "Mimi ndio naanza."

Akaomba kuzijaribu zote mbili, na akamtaka kijana mwenyewe awe mteja. Akaanza na ndogo. Akavaa miwani, akanyoosha mikono mbele kama mtu anayesoma barua ya mbali. Akamuuliza kijana kama shati lile alilipiga pasi mwenyewe, akabonyeza. Kamera ikafikiri kwanza, ndipo ikalia. Kwenye kioo alitokea kijana amefumba macho, mdomo wazi, kama anayepiga mwayo kanisani.

Kijana akacheka. Akasema hakuna shida, hizi hazina mkanda, mama apige hata ishirini halafu achague moja.

"Mwanangu," wifi akamwambia, "nikipiga ishirini, aliyekuona ni nani, mimi au bahati?"

Akanigeukia mimi, akanijaribu nayo. Nilikuwa nimetazama mbele. Nilipotokea kwenye picha nilikuwa nimeshageuka naitazama saa ya ukutani. Akaiweka chini taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu kwa mama yake. Akasema kamera hii ni njema, inaitikia ukiita, ila inaitikia ikiwa bado kitandani.

Akachukua kubwa. Aliipima uzito, akaweka jicho kwenye kile kidirisha cha kuchungulia, akakunja uso. Nikajua haoni. Moyo wangu, nakiri, ulifurahi kidogo. Kijana akamwonyesha kigurudumu kidogo kando ya kidirisha, akamwambia akizungushe mpaka macho yakubali. Wifi akavua miwani, akazungusha, akazungusha tena, kisha mabega yake yakashuka. Nililiona hilo. Alikaa namna ile ile aliyokuwa akikaa na kamera ya baba yake.

"Nyumbani umewaachaje?" akauliza.

Kijana hakuwahi kujibu. Kamera ililia pale pale kidole kilipogusa. Tukaitazama picha sote watatu. Alikuwa yeye, si muuzaji. Ni mtoto wa mtu, aliyemkumbuka mtu wa nyumbani sasa hivi. Kijana alitazama muda mrefu, akauliza kama anaweza kuipata hiyo picha. Halafu kwa uaminifu wake akaona amwambie kila kitu: lenzi hii iliyokuja nayo ni ya kawaida, haivuti watu wa mbali, ile ndogo inavuta mpaka yule aliye ng'ambo ya barabara.

Wifi akasema, "Wa mbali ana kazi gani na mimi? Wangu wote wanakaa kwenye kiti."

Mimi bado nilikuwa nimeshika ile ndogo, sijui naitetea au naionea huruma. Wifi akanichukua mkono. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Hiyo inakufaa wewe, wifi yangu. Mimi nataka inayosikia kidole." Akanunua kubwa. Mashine ya kuchapia ikabaki dukani, tukakubaliana kwamba picha zitachapwa kwa watu.

Siku zilizobaki mume wangu alimsomea kitabu cha maelezo ukurasa kwa ukurasa, wifi akibonyeza na kurudia. Mimi nilikuwa mteja. Nilikaa kwenye kile kiti mpaka nikaulizwa habari za nyumbani ambamo wote tulikuwa tunaishi.

Alhamisi tulifika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye sauti isiyorudia neno, alitupa darasa lenye madirisha upande wa asubuhi. Tulitundika kitambaa cheupe juu ya ubao, tukaweka kiti mbele yake. Mwalimu akakaa na orodha kando ya mlango, akiita majina na kuweka alama. Kazi yangu ilikuwa kola na vipaji vya nyuso: nanyoosha, nafuta jasho, nasukuma kwa wifi. Yeye anauliza swali lake, anabonyeza, anasema asante mwanangu. Mstari ulikuwa unakwenda kama maji ya mfereji.

Mtoto wa thelathini na sita akaondoka. Wa thelathini na saba akakaa. Wifi akageuka akaupa ukuta uso, akainama kwenye kivuli cha meza, akaivuta shali yake juu ya kamera, akafungua kile kimlango cha ubavuni.

Kamera ikazimika.

Nilielewa kabla yake, maana miaka yote hiyo nimemwona akifanya hivyo hivyo. Mkono ulikuwa umehesabu wenyewe. Mkanda umeisha, badilisha mkanda. Vidole vyake vilipapasa, vikakuta kadi ya kuhifadhia picha badala ya mkanda, vikasimama. Kisha akaufunika ule mlango kwa kiganja, haraka, na uso wake ukabadilika rangi. Katika kazi ya mkanda, ukiifungua kamera kabla ya wakati mwanga huingia na kila ulichopiga kinaungua. Alikuwa ameshika mkononi nyuso thelathini na sita za watoto wa watu, na hakujua kama bado zipo.

Mwalimu mkuu akashusha kalamu. "Mama, kuna tatizo? Yule wa mjini namba yake ninayo."

Mimi nilikuwa nimeshika kola ya mtoto, nikaomba palepale bila kufumba macho. Sikuomba kamera iwe nzima. Niliomba asiaibike.

Wifi hakudanganya. Alisema, "Mwalimu, nimeifungua kwa mazoea ya zamani. Nipe nafasi nione nilichoharibu." Akafunga kimlango, akaiwasha, akabonyeza kitufe cha kutazamia. Mtoto wa thelathini na sita akatokea, shavu lake na kovu lake. Akarudi nyuma: wa thelathini na tano. Wa thelathini na nne. Niliona anahema upya. Akainuka, akaenda hadi mlangoni, akampa mwalimu kamera mkononi.

Mwalimu akaweka orodha pembeni, akazipitia moja moja huku kidole cha mkono wa pili kikishuka kwenye majina. Alichukua muda wake. Alipofika mwisho akauliza nyingine ziko wapi, zile alizozifuta.

"Sikufuta, mwalimu. Hakuna nyingine."

"Kila mtoto moja?"

"Kila mtoto moja."

Mwalimu akarudi kwa mtoto mmoja, akamtazama sana. Alituambia huyo hajawahi kuinua uso tangu darasa la tatu, hata mama yake analalamika hana picha yake inayoonyesha macho. Pale alikuwa ameinua uso, ndio kwanza anataka kusema kitu. Mwalimu akamrudishia wifi kamera kwa mikono miwili. Akaita jina la thelathini na saba.

Kila baada ya picha thelathini na sita wifi alisimama tena, safari hii kwa kujua. Aliiweka kamera chini, akanywa maji, akanyoosha mgongo. Alisema mkono umezoea kupumzika hapo na hana sababu ya kugombana nao. Alisimama hivyo mara nne. Mtoto wa mwisho alitoka kengele ya chakula ikilia. Mia mbili na kumi na sita kwenye orodha, mia mbili na kumi na sita kwenye kadi. Nilihesabu mimi mwenyewe, na sikumbuki siku nyingine nilipojivuna kwa kazi ambayo si yangu.

Tulipoanza kukunja kitambaa mwalimu mkuu akasema tungoje. Akarekebisha kilemba, akakaa kwenye kiti, akatoa sura ya kuogopesha darasa zima.

"Mwalimu," wifi akamuuliza, "hawa ni wa mwaka wa ngapi kwako?"

Akataka kujibu, na kamera ikalia.

Picha hiyo imetundikwa ofisini kwake hadi leo. Hapo hapo alifungua kitabu chake kuandika tarehe ya mwaka unaofuata, akamuuliza wifi jina lake kamili. Nilisimama nikisubiri, maana jina hilo sikuwa nimelisikia likitajwa miaka mingi.

Wifi alikuwa anaifunga kamera ndani ya shali, polepole, kama mtu anayemvisha mtoto. "Andika Mara Moja," akasema. "Ukimtuma mtu kunitafuta, kwa hilo jingine hatanipata."