Masaa Tisa na Nusu

Wateja walimwita Mama Pasi, na jina jingine hakuna aliyelikumbuka. Miaka kumi na minne alikuwa akisimama nyuma ya meza ile ile, katika duka la dobi lililo karibu na uwanja wa ndege, akinyoosha sare za wahudumu wa ndege. Kola kwanza, kisha mikono, mgongo mwisho. Kila shati lilifungwa kitambaa chenye jina la mwenyewe na siku ya kulichukua, na vitambaa hivyo ndivyo vilivyokuwa kalenda yake.

Jumatano moja mhudumu mmoja, mtu wa kuchekacheka, alirudisha shati alilolichukua Jumatatu.

"Wewe nawe, umelala nalo?" Mama Pasi alimtania.

"Nimekwenda nalo na kurudi nalo, mama." Akautaja mji aliotoka.

Ulikuwa mji anaoishi mwanawe.

"Huko si siku tatu njiani?"

"Siku tatu? Labda ndege isukumwe! Ni kilomita elfu saba, mama. Masaa tisa, bila kutua popote. Inaruka kila siku, mwaka wa sita huu."

Mama Pasi aliiweka pasi pembeni asije akaunguza mali ya watu. Mwaka jana mumewe alipofariki, walimngoja mwanawe huyo siku mbili nzima. Mwishowe akapiga simu: safari ni siku tatu, mama, zikeni tu, sitawahi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliguna kidogo tu, Mama Pasi akawa mbogo. Alimfokea mtu mzima mbele ya waombolezaji, eti asimseme mwanawe, mbali ni mbali. Kumbe! Kwa siku mbili zile mtu angefika, akaoga, akalala, akaamka na kubeba jeneza la babake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na huyu wa kwake hata hakujisumbua kuirefusha vizuri. Hasira zilimpanda, akatoka uani na simu yake.

"Mwanangu, kutoka kwako hadi uwanja wa ndege ni mbali?"

"Nusu saa tu, mama. Kwani vipi?"

"Basi ni masaa tisa na nusu."

Mama Pasi alipandisha sauti.

"Sema! Mashati ya watu ninayoyanyoosha yanakwenda huko na kurudi, wewe ukashindwa kuja kumzika baba yako?"

"Mama... niliogopa. Sikuweza kumwona amelala vile."

"Na mimi nilimwona na nani?"

Mama Pasi alimngoja kidogo, kama alivyomngoja siku zile mbili, kisha akakata simu, akavua aproni, akaenda kumtafuta shemeji yake amwombe radhi.