Kete Nyekundu Kwenye Theluji

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kaka yangu, vilivyonizidi, nikatembea kutoka kwetu Changamwe, nikavuka Makupa hadi Kilindini, na kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeshafanya kosa ambalo wapagazi wa bandarini walinitania kwalo mwaka mzima. Naliandika kwanza kwa sababu mambo yote makubwa niliyoyafanya baadaye, na ni makubwa, yalitokana na kosa lile.

Ilikuwa wakati wa vita, mapema miaka ya arobaini. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni nikiwa wa kwanza darasani, nikaajiriwa katika ofisi ya Kepteni wa Bandari niwe msaidizi wa Karani wa Ubao. Vijana wa leo hawajui ubao ulikuwa nini. Ulikuwa mkubwa kama milango miwili iliyounganishwa, umechorwa mlango wa bahari, mfereji wa kuingilia, na kila gati, yaani mahali meli inapofunga ili ishushe shehena. Kila meli ilikuwa na kete yake ya mbao, ndefu kama kidole. Simu ikilia, karani alisogeza kete. Meli zenyewe hazikuonekana kutoka ofisini, lakini aliyeutazama ubao alijua ipi iko nje na ipi imefunga. Watu walipangiwa kazi kwa kuutazama huo.

Asubuhi ile mnara wa ishara ulipiga simu kwamba meli moja imeanza kuingia. Mimi, kwa bidii yangu, niliichukua kete yake nikaipeleka moja kwa moja gatini. Msimamizi wa wapagazi alichungulia, akaona, akawapeleka watu wake. Kumbe meli ilisimamishwa katikati ya mfereji kupisha tishali, chombo bapa cha mizigo, na ikakaa huko saa tatu. Watu wakachomwa na jua bure.

Karani wa Ubao alikuwa Maalim Shee, mzee wa Kimvita, kanzu haina doa, sauti haipandi.

"Mwero," akaniita.

"Labeka, maalim."

"Meli hii imefunga kamba?"

"Bado, maalim. Lakini yaja."

"Yaja. Na wewe ndiwe rubani wake?"

"La, maalim."

"Basi irudishe ilipokuwa. Kisha nenda gatini ukawaombe radhi wale watu. Wewe mwenyewe, si kwa simu."

Nilikwenda. Wengi walikuwa majirani zangu wa Changamwe, na hilo ndilo lililoniumiza. "Karani," mmoja akasema, "meli yako iko wapi? Au imezama kwenye ubao?" Mwingine akaniuliza kama viatu vile navyo vimeingia bandarini bila mwenyewe. Niliporudi, Maalim Shee alinipa sheria yake, nayo sikuisahau tena: kete haisogei mpaka kamba ya mbele na kamba ya nyuma zimefungwa, na aliye gatini amesema kwa mdomo wake. Kama hujui meli iko wapi, iache pale ulipoijua mara ya mwisho, na ukiulizwa, sema hujui.

Miaka miwili baadaye niliingia jeshini, katika kikosi cha upimaji wa ardhi. Meja aliyetuongoza alikuwa mkali, lakini aliona haraka nani ana mkono wa kuchora. Nilijifunza dira, na mistari ya mwinuko, ile inayoonyesha kwenye karatasi bapa mahali kilima kinapopanda na kinapotelemka. Vita vilipokwisha, wenzangu walirudi nyumbani na mablanketi. Mimi nilirudi na barua ya Meja, nikaandika maombi kwa mkono wangu mwenyewe, mara nne, mpaka chuo kimoja cha Uingereza kikanikubali. Nikapata stashahada ya upimaji na uchoraji wa ramani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Sisemi kwa kujisifu, na hata nikijisifu, nani ataniziba mdomo?

Sehemu ya mwisho ya masomo ilikuwa mazoezi ya kazi, nami nikapelekwa Uswidi, katika ofisi ya ramani, kwa majira ya baridi. Mtu wa Changamwe kwenye theluji! Wiki ya kwanza nilivaa soksi tatu na bado sikujua kama nina vidole. Mkuu wa Ramani, bwana mnene aliyependa kucheka, alinipokea kwa Kiingereza chake, nami nikajibu kwa changu, na vile viwili vilikuwa ndugu wa mama mbalimbali, lakini tulielewana.

Huko ndiko nilikoukuta mchezo ninaotaka kuueleza. Mtu hufunga miguuni mbao mbili ndefu za kutelezea juu ya theluji. Kifuani amefunga kibao chenye ramani, na dira mkononi. Hupewa vituo vya kufikia msituni, kimoja baada ya kingine kwa mpangilio. Njia ya kutoka kituo hadi kituo huichagua mwenyewe: apande kilima, ambako ni karibu, au azunguke kwenye njia pana ambako atateleza kwa kasi. Anayetumia muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Ni mchezo wa miguu na wa akili pamoja, na mimi niliupenda siku ile ile, ingawa nilipoujaribu nilianguka mara nyingi hata Mkuu akaniambia nimepima theluji yote ya wilaya kwa makalio.

Aliyeusimamia mchezo huo alikuwa Katibu wa Chama, mwalimu mrefu, mkimya, aliyepoteza vidole viwili vya mguu kwa baridi. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: mchezo wao uingizwe katika Olimpiki ya majira ya baridi. Aliwahi kuwaalika wajumbe wa Olimpiki waje wautazame.

"Wakaona nini?" nilimwuliza.

"Miti," akasema. "Vijana wetu waliingia msituni, na wageni wakakaa saa mbili wakitazama miti. Mmoja akaniuliza mchezo unaanza lini."

Mkuu wa Ramani akacheka mpaka akafuta macho. Katibu hakucheka. Alisema wajumbe wawili wamekubali kuja mara moja zaidi, na wakiondoka tena bila kuona kitu, hatawaita wengine. Nguvu zilikuwa zimemwishia.

Ndipo nilipomwambia, "Bwana Katibu, kwetu Kilindini meli hatuzioni, lakini tunajua kila moja iko wapi." Nikamchorea ubao wa Maalim Shee nyuma ya bahasha. Aliitazama bahasha ile muda mrefu, kisha akaomba aende nayo.

Tulifanya kazi wiki mbili. Nilichora ramani ya msitu ule juu ya ubao mweupe uliosimamishwa mahali pa kumalizia. Jeshi lao likatuazima simu za kuzungusha kwa mkono, na waya ukapitishwa mitini mpaka kila kituo. Kila mchezaji akapata kete ya rangi yake. Kosa moja nilifanya: kati ya kituo na kituo nilivuta mstari mwekundu, kama mfereji wa meli. Mkuu alipouona alishika kiuno. "Mwero! Umewachimbia mfereji! Wataona sasa watu wanateleza kwenye reli." Alisema kweli. Meli haina hiari, hufuata mfereji au hukwama, lakini mchezo huu hiari ndiyo roho yake. Nikaifuta mistari yote, nikaacha msitu mtupu na vituo vyake.

Siku ya mashindano wajumbe walikuja wamevaa makoti ya manyoya. Mmoja, mzee mwenye sharubu nyeupe, alikuwa tayari anatazama saa yake. Wachezaji wanane waliondoka, kila mmoja dakika mbili nyuma ya mwenzake. Nilisimama mbele ya ubao, kipokea sauti sikioni. Kituo cha kwanza kikapiga simu, nikasogeza. Cha pili, nikasogeza. Watu wakaanza kusogea karibu, wakapiga kelele kila kete ilipopita nyingine. Kete nyekundu, ya bingwa wao, kijana mpasua mbao, ilikuwa mbele mpaka kituo cha tatu.

Kisha ikanyamaza. Ya buluu ikafika kituo cha nne. Ya njano ikafika. Dakika kumi zikapita, ikafika na ya kijani, na nyekundu ilikuwa bado imesimama kituo cha tatu. Kelele zikafa. Katibu akaja begani kwangu, uso mweupe kuliko theluji.

"Isogeze," akaninong'oneza.

"Hawajapiga simu, bwana."

"Bila shaka amepita, yule wa kituoni amezubaa. Isogeze, Mwero! Wataona kwamba mchezo wetu ni wa watu kupotea msituni."

"Na kama hajapita?"

"Nakuomba."

Wallahi, mkono wangu uliinuka. Mtu huyu alikuwa amenipa chakula mezani kwake, na jambo la maisha yake lilikuwa kwenye kipande cha mbao mbele yangu. Lakini niliwaona wale wapagazi wa Changamwe kwenye jua, nikamsikia Maalim Shee akiniuliza kama mimi ndimi rubani. Nikaushusha mkono. "Kamba hazijafungwa, bwana," nikasema. Sidhani alielewa, lakini alifunga macho akarudi nyuma.

Mzee wa sharubu akasimama, akaja mpaka kwenye ubao. "Huyu mwekundu yuko wapi?"

"Sijui, bwana. Mara ya mwisho nilipojua, alikuwa hapa."

"Hujui?"

"Sijui."

Nilidhani anaondoka. Badala yake akavua glavu, akaweka kidole kwenye ramani, akakitembeza polepole. "Wenzake wamepita kilimani," akasema peke yake. "Mimi ningezunguka ziwa. Ni mbali, lakini ni tambarare." Mjumbe mwenzake naye akaja: hapana, ziwa ni upumbavu, atachelewa. Wakaanza kubishana kama watu wa baraza wanaobishania bao. Mkulima mmoja akatia neno, mpishi wa chai akatia neno, kila mmoja na kidole chake ubaoni, mpaka ikanibidi nisukume watu ili niifikie simu.

Simu ikalia. Nikasikiliza, nikauliza mara ya pili, nikaipeleka kete nyekundu kituo cha nne. "Amefika kutoka upande wa ziwa," nikatangaza. Mzee wa sharubu aliruka, naapa, akampiga mwenzake mgongoni hata kofia ikaanguka. Katika vituo vilivyobaki yule bingwa aliwapita wawili, akamaliza wa pili. Hakuna aliyekumbuka kuulizia chai.

Kabla ya kupanda gari, mzee alinishika mkono. "Ungeisogeza," akasema, "mimi sasa hivi ningekuwa hotelini. Pale uliposema hujui, ndipo mchezo ulipoanza kwangu." Nikamtazama Katibu. Alikuwa amegeuka, anajifanya kukunja waya.

Wajumbe waliandika ripoti nzuri. Jibu lilikuja baadaye: mchezo ni wa kuvutia, lakini nchi zinazoucheza bado ni chache. Katibu alinitumia nakala Changamwe, maana nilikuwa nimeshafika nyumbani na stashahada yangu katika fremu. Ndani ya bahasha alitia kete nyekundu, na maneno machache: mzee wa sharubu huja kila majira ya baridi, kwa nauli yake, kusimama mbele ya ubao, na yeye Katibu ameshawaalika wengine.

Nilifanya kazi ya upimaji mpaka nilipostaafu. Mashamba ya Likoni na Kisauni nimeyapima kwa mkono huu, na barabara kadhaa za bara zinapita nilipochora mimi. Kwa kila mkubwa niliyemtumikia, nilisema sijui pale nilipokuwa sijui. Wengine walinichukia kwa hilo. Ramani zangu bado zinatumika.

Maalim Shee nilimwendea nikiwa na kete mfukoni, nikamsimulia yote. Aliishika, akaigeuza, akauliza jambo moja tu: "Na wale wa Changamwe uliwaomba radhi?" Nikamwambia niliwaomba. "Basi," akasema, akanirudishia.

Kete iko juu ya rafu, chini ya stashahada. Jirani zangu wanaijua hadithi yake, na kila mwaka wakisikia habari za Olimpiki kwenye redio, mmoja wao hupitia barazani kunichokoza: "Mzee Mwero, mchezo wako wa theluji umeshaingia?"

"Bado," huwajibu. "Uko nje, wangoja gati."